Jina Lako na Stakabadhi Zako: Mwongozo kwa Mkaazi wa Kadutu

Ewe msomaji ukaaye Kadutu, mjini Bukavu, iwe nyumba yako iko Nyamugo, Kasali, Cimpunda, Nkafu ama Nyakaliba, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, kwa sababu wewe, kuliko waziri na mbunge, ndiwe mwenye kupata hasara pale jina linapofutwa katika daftari la wapiga kura bila sababu kutajwa, na pale mkaguzi wa kodi anapotumwa dukani mwako kwa sababu ya maneno uliyoyasema au chama ulichokishangilia. Mambo haya mawili huonekana kuwa ya ofisi zisizojuana; lakini yote mawili hutendeka kwa karatasi, na yote mawili hupingwa kwa karatasi, na aghalabu anayeshindwa si yule asiyekuwa na haki, bali ni yule aliyekuwa na haki akakosa ithibati yake. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Na jina la mpiga kura nalo ni mali.

Lililo halali na lililo dhuluma

Yapasa kwanza tukubaliane kwamba kusafisha daftari si dhambi. Daftari lisilosafishwa hujaa majina ya marehemu, ya watoto waliozidishiwa umri, ya watu walioandikishwa mara mbili, na ya askari na polisi ambao sheria yetu haiwaruhusu kupiga kura. Na daftari la namna hiyo ni hazina ya mwizi wa kura. Mama apetaye maharagwe hutoa mawe na makapi, wala hapana amlaumuye. Lawama huanza pale anapotupa punje nzima kwa kuwa zimetoka shamba la fulani. Kadhalika ukaguzi wa kodi: Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 174, yasema kwamba kodi haiwekwi ila kwa sheria, na papo hapo yasema kwamba kuchangia gharama za umma ni wajibu wa kila mtu akaaye nchini, basi mfanya biashara hawezi kulalamika kwa sababu tu amekaguliwa.

Dhuluma hujulikana kwa dalili zake, nazo ni nne: amri isiyoandikwa, kipimo kisichokuwa kimoja kwa watu wote, wakati uliochaguliwa makusudi ili mtu asipate nafasi ya kujitetea, na mlango wa rufaa uliofungwa. Zishike dalili hizi, na kila utakapopata habari ya jina lililofutwa au duka lililotiwa kufuli, zipitie moja moja kabla hujapaza sauti, kwa maana mwenye kupiga kelele juu ya jambo la halali hupunguza uzito wa kelele yake siku ya dhuluma ya kweli.

Kwa nini vyama hugombania daftari

Katika nchi yetu viti vya Bunge hugawanywa kwa kila jimbo la uchaguzi kwa kadiri ya idadi ya walioandikishwa; kwa hiyo jina moja lina thamani mara mbili, kwanza kama sehemu ya kiti kabla ya uchaguzi, kisha kama kura siku yenyewe. Ndiyo sababu ugomvi huanza mapema, na ndiyo sababu kila upande huwa na majina ungependa yabaki na majina ungependa yaondoke.

Kumbuka yaliyopita. Mwaka 2018 tume ya uchaguzi, CENI, chini ya Corneille Nangaa, ilitangaza kwamba kati ya watu zaidi ya milioni 46 waliojiandikisha, waliobaki daftarini ni 40,287,387, baada ya kuondolewa walioandikishwa mara mbili na wale wasiotimiza umri. Kisha wakaguzi wa Jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa, OIF, wakaona kwamba asilimia 16.6 ya wapiga kura hao hawakuwa na alama za vidole. Hapo wapinzani wakadai majina hayo yafutwe, CENI ikayatetea, na nchi ikaingia katika uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 pasipo mapatano. Zingatia kwamba safari ile waliotaka kufuta walikuwa wapinzani. Na ingawa shaka yao ilikuwa na msingi, ndani ya mamilioni yale asingekosekana mvunja mawe au mfua nguo ambaye vidole vyake vimesuguliwa na kazi hata mashine haikuvisoma, naye angepoteza haki yake kwa kosa lisilo lake.

Miaka mitano baadaye mambo yalirudi kwa sura nyingine. Uandikishaji wa Kivu ya Kusini ulianza tarehe 16 Februari 2023, daftari la nchi nzima likafikia karibu watu milioni 44, na likakaguliwa na jopo la wataalamu katika siku chache tu za mwezi wa Mei. Wapinzani walikataa kuuamini ukaguzi wa haraka kiasi hicho, na maandamano yao ya tarehe 20 Mei 2023 mjini Kinshasa, ambayo daftari lilikuwa moja ya sababu zake, yakavunjwa kwa nguvu. Mpinzani Martin Fayulu naye akazuia wagombea ubunge wa chama chake wasipeleke majina, akidai ukaguzi mwingine. Uamuzi ule ulikuwa na hoja, lakini matokeo yake ni kwamba waliomfuata walikosa wawakilishi; asiyekuwapo na lake halipo.

Namna ya kulinda jina lako

Siku ile ile upatapo kadi ya mpiga kura, kabla hujaitia mfukoni, andika katika daftari dogo la nyumbani namba ya kadi, jina la kituo ulichoandikishwa pamoja na namba yake, na tarehe. Kisha itolee nakala na uipige picha kwa simu. Usidhani huu ni wasiwasi: kadi nyingi zilizotolewa mwaka 2023 zilififia katika muda wa miezi michache, picha ya mwenyewe ikawa kivuli cheupe na jina likawa halisomeki ila ukiigeuza kadi upande wa mwanga, hata CENI ikalazimika kutoa kadi za badala, zile tuziitazo duplicata. Maadamu vitambulisho vya taifa havijawafikia wananchi, kadi hii ndiyo kitambulisho chako cha kusafiri, cha kupokea fedha za simu na cha kujieleza mbele ya askari. Mwenye kuipoteza hupoteza zaidi ya kura.

Nakala moja ikae nyumbani, na nyingine ikae kwa ndugu aliye mbali nawe, Bagira, Panzi au kwingineko, kwa sababu nyumba zetu za mbao zimebanana, na moto wa Kadutu hauteketezi nyumba moja. Wengi wametoka na watoto mikononi, hati zao zote zikabaki ndani.

Angalia maandishi ya jina lako kwa makini. Majina ya Kishi huandikwa kwa namna nyingi, na mtu aliyeandikwa Cirhuza hapa na Chiruza pale, au Cibalonza katika kadi na Chibalonza katika cheti cha ubatizo, anaweza kuonekana na mashine kuwa watu wawili, au na karani kuwa si yeye. Chagua maandishi yaliyomo katika kadi na uyafuate kila mahali, na ukiona karani anakosea, msahihishe kwa upole kabla hajachapa, kwani kosa la herufi moja ni rahisi kulirekebisha mezani na ni kazi kubwa kulirekebisha baada ya miaka mitano.

Orodha zinapobandikwa katika shule na vituo vya kura, usingoje siku ya mwisho. Nenda mapema, nenda pamoja na jirani mmoja au wawili, na msome orodha ya kituo chenu chote, maana jina huweza kuhamishiwa chumba kingine bila kufutwa. Likikosekana kabisa, usiondoke na jibu la mdomo. Andika barua fupi kwa ofisi ya CENI, utaje jina lako kamili, namba ya kadi, kituo na tarehe ya kuandikishwa, na uombe mambo mawili tu: uelezwe sababu ya jina kutokuwapo, na lirudishwe. Ipeleke katika nakala mbili, moja uwaachie, na ya pili irudi nawe ikiwa na tarehe, sahihi na muhuri wa kupokelewa. Karatasi hiyo yenye muhuri ndiyo itakayomwezesha wakili au mwangalizi wa uchaguzi kukusaidia. Bila hiyo, umebaki na masimulizi.

Jihadhari sana na shauri la kwenda kujiandikisha upya katika kituo kingine ili kuziba pengo. Kujiandikisha mara mbili ni kosa mbele ya sheria, na tena ndiyo sababu ya kwanza itumiwayo kufuta majina; mwenye kufanya hivyo amewapa wapinzani wake hoja waliyokuwa hawana.

Tena shughulika na avenyu yako, wala si na nafsi yako peke yake. Jina moja lililokosekana huweza kuwa kosa la mashine. Majina arubaini ya avenyu moja ni jambo la kuulizia kwa pamoja. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, nayo yapaswa kujibu katika muda wa miezi mitatu, wala mtu hawezi kushitakiwa kwa sababu ya ombi hilo. Mnapoandika orodha ya waliokosekana, andikeni majina na namba za kadi tu. Msiandike chama cha mtu wala kabila lake, kwa sababu katika mkoa wetu orodha ya namna hiyo, ikiangukia mikono mibaya, huacha kuwa ya haki ikawa ya kuwindia watu.

Mkaguzi wa kodi anapobisha hodi

Kinga ya kwanza mbele ya mkaguzi ni kulipa ulichowajibika kulipa na kujua umekilipa kwa nani. Mama auzaye sambaza katika soko la Kadutu hutozwa ushuru wa meza; mwenye kibanda hudaiwa patenti; mwenye nyumba za kupangisha hudaiwa kodi ya mapato ya pango; na mwenye kampuni hukutana na DGI, idara ya kodi ya taifa. Komini, jiji, mkoa na taifa kila kimoja kina sehemu yake, na wengi wetu hulipa mara mbili, au hulipa palipo si penyewe, kwa sababu hatuulizi fedha zinakwenda ofisi gani.

Tazama namna wengi wetu tunavyozihifadhi stakabadhi: zimechomekwa katika msumari ukutani, juu ya gunia la chumvi, jua likizipiga mchana na moshi jioni, na baada ya mwaka zile zilizochapwa kwa karatasi laini hazina hata tarakimu moja inayosomeka. Chukua daftari la mistari, ubandike kila stakabadhi ukurasa wake, na pembeni uandike kwa kalamu tarehe, kiasi, jina la kodi na jina la aliyepokea. Kazi hii haizidi dakika chache kwa siku, nayo humwokoa mtu na kulipa mwaka mzima upya.

Siku mkaguzi akija, mpokee kwa adabu na umpe kiti, kisha umwombe hati iliyomtuma, ile iitwayo ordre de mission. Isome bila haraka: jina lake limo? Sahihi na muhuri vipo? Yataja kodi gani, na ya miaka ipi? Uliza kama kipindi hicho hakijakaguliwa tayari. Nakili namba ya hati. Daftari zako za asili zisitoke dukani. Toa nakala, na kila nakala itolewayo iandikwe katika karatasi ambayo yeye na wewe mtaitia sahihi. Usitie sahihi jambo usilolisoma, na ukilazimika kupokea karatasi, andika kwamba umeipokea tu siku hiyo, bila kukiri yaliyomo. Fedha usimtie mkononi; zipeleke panapostahili, urudi na stakabadhi. Utaratibu wa kodi umewekwa na sheria namba 004/2003 ya tarehe 13 Machi 2003, na ndani yake muda wa kujibu na muda wa kulalamika umewekewa mipaka. Basi tarehe ya kupokea karatasi iandike vizuri, na kesho yake, si mwezi ujao, umtafute mtu ajuaye sheria. Asiyekuwa na fedha za wakili aulizie ofisi ya mashauri ya bure ya chama cha mawakili. Mwenye duka kubwa aende kwa FEC, shirikisho la wenye biashara. Na wauza meza waende kwa kamati yao ya soko.

Na utajuaje kwamba ukaguzi umetoka katika siasa? Rudi kwenye zile dalili nne. Mwezi wa Januari 2016, miezi michache baada ya mwanasiasa Moïse Katumbi kukiacha chama kilichokuwa kikitawala, vituo viwili vya utangazaji vya Lubumbashi vilivyokuwa vyake, Nyota na Mapendo, vilifungwa kwa kudaiwa kodi, na wenye vituo wakakanusha deni hilo. Hapo wakati ndio uliosema: deni hilo lenye ubishi lilidaiwa hata vituo vikafungwa miezi michache tu baada ya mwenyewe kuhama upande. Wala ugonjwa huu si wa Afrika peke yake. Mwaka 1972 katika Marekani, wasaidizi wa Rais Nixon walimpelekea mkuu wa idara ya kodi, Johnnie Walters, orodha ya mamia ya watu waliohesabiwa kuwa adui ili wakaguliwe; Walters akashauriana na waziri wake wa fedha, George Shultz, wakakubaliana kutofanya lolote, na orodha ikafungiwa kabatini; na mwaka 1974 jaribio la kuitumia idara ile dhidi ya raia likawa miongoni mwa mashitaka yaliyoandaliwa Bungeni dhidi ya rais huyo. Kilichowaokoa watu wale ni mtumishi mmoja aliyekataa. Wewe mtumishi wa ofisi ya kodi usomaye haya, jua kwamba kifungu cha 28 cha Katiba yetu kinasema hapana mtu alazimikaye kutii amri iliyo haramu waziwazi. Nawe waweza kuwa mtu huyo.

Ukiona dalili, lipa sehemu isiyo na ubishi, upinge iliyobaki kwa maandishi. Deni la kweli, hata dogo, huitia doa daawa nzima. Usipambane peke yako: wafanya biashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walipochoshwa na ukamataji wa maofisa wa kodi, walifunga maduka kwa pamoja mwezi wa Mei 2023, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza hadharani. Walisikilizwa kwa sababu walikuwa wengi, walikuja na malalamiko yenye kutajika, na hawakuuliza nani ni wa chama gani.

Wakati wa mamlaka mbili

Tangu katikati ya Februari 2025 mji wa Bukavu umo mikononi mwa muungano wenye silaha wa AFC/M23, na mkuu wa AFC ni Corneille Nangaa yule yule aliyeisimamia CENI katika uchaguzi wa 2018. Benki zilifunga milango, na mtu wa Kadutu akajikuta kati ya serikali ya Kinshasa inayomhesabu kuwa raia wake na mamlaka iliyopo mtaani inayomdai ushuru. Katika hali hii usia ni mmoja: hifadhi kila karatasi ya kila upande, lakini katika bahasha mbalimbali, na usimwonyeshe huyu ya yule. Stakabadhi za sasa zitunze zote, kwa kuwa siku hali itakapobadilika utaulizwa ulilipa nini, kwa nani, na kwa nini, na anayeuliza huenda asikumbuke kwamba hukuwa na hiari. Mbele ya mwenye bunduki usibishane juu ya vifungu vya sheria. Lipa, okoa roho, kisha andika tarehe na kiasi usiku huo huo.

Kadi yako ya mpiga kura usiitupe, usiiuze, wala usimwachie mtu kama rehani ya deni. Kwa hesabu ya Katiba, uchaguzi mwingine ni wa mwaka 2028, na kabla yake daftari litafunguliwa tena. Siku hiyo waliohama, waliokimbia na waliofiwa watakuwa wengi, na kusafisha daftari kutakuwa na sababu nyingi za haki na visingizio vingi vya hila. Mwenye karatasi zake atazungumza; asiyekuwa nazo atazungumziwa. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1993, hairuhusu majina kufutwa kwa jumla katika siku 90 za mwisho kabla ya uchaguzi wa taifa, ili aliyefutwa kwa makosa apate nafasi ya kurudi. Nasi tudai mpaka wa namna hiyo kwa wabunge wetu, na tuudai sasa, kabla hatujajua utamfaa nani.

Nasaha ya mwisho

Vyama vitakuja kwako, viwe UDPS, UNC, Ensemble ama PPRD, na kila kimoja kitakulilia juu ya majina yake yaliyofutwa na maduka yake yaliyofungwa, kikinyamaza juu ya ya wenzake. Usikubali kuwa chombo cha kilio cha upande mmoja. Jirani yako aliyevaa kofia ya chama usichokipenda akikosa jina lake ubaoni, mwandikie barua kama ungejiandikia mwenyewe, na duka lake likikaguliwa bila hati, simama mlangoni uwe shahidi wake. Kwa maana kipimo utakachoachia kimpitie yeye leo, ndicho kitakachokupitia wewe serikali itakapobadilika, na katika nchi hii serikali hubadilika. Basi leo kabla ya kulala, toa kadi yako, andika namba yake, bandika stakabadhi zako, na umwulize jirani kama naye amefanya hivyo.